Rhapta na Bara Lake: Mji wa Maandishi ya Kigiriki Ukitazamwa kutoka Bonde la Ruvu

Miongoni mwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki iliyotajwa na waandishi wa Kigiriki wa zama za kale, hakuna ulioelezwa kwa kirefu kuliko Rhapta, soko la mwisho la nchi waliyoiita Azania, ambalo wanahistoria wengi huliweka kwenye ufuo wa Tanzania bara, mahali fulani kati ya mlango wa mto Pangani na delta ya Rufiji. Wagiriki hawakuujenga mji huo wala hawakuutawala. Ulikuwa mji wa Waafrika ulioingia katika vitabu na ramani za Kigiriki kwa ajili ya pembe za ndovu, na kila taswira yake iliyochorwa tangu wakati huo imetokana na sentensi chache za mabaharia walioufikia, au za wataalamu waliowasikiliza mabaharia hao wakiwa mbali kabisa, katika maktaba za Aleksandria. Ndiyo maana kwa karibu miaka 2,000 picha ya Rhapta imekuwa na upande mmoja: bandari huonekana, na vyombo vilivyotia nanga, na shehena inayopakiwa, ila nchi iliyo nyuma ya mji, ambako shehena hiyo ilitoka, imeachwa tupu kama karatasi. Maelezo yanayofuata yanautazama mji huo kutoka upande huo ulioachwa, yaani kutoka bonde la mto Ruvu pale Korogwe na kutoka nyanda na vilima vya Handeni, nchi ambazo kwa sasa ni wilaya mbili jirani katika mkoa wa Tanga.

Chanzo cha kwanza, na kilicho bora, ni kitabu kidogo kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Periplus ni aina ya mwongozo wa mabaharia unaoorodhesha bandari moja baada ya nyingine jinsi chombo kinavyozifikia kikiambaa pwani, pamoja na umbali, hatari za njiani na bidhaa za kila mahali, na Bahari ya Eritrea ni jina ambalo Wagiriki walilitumia kwa Bahari ya Shamu pamoja na sehemu yote ya Bahari ya Hindi waliyoijua. Mwandishi hakujitaja jina, lakini maneno yake yanaonyesha kuwa alikuwa mfanyabiashara aliyeishi Misri wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Roma, na kwa kuwa anamtaja Malichus kama mfalme wa Wanabatea, aliyetawala takriban mwaka 40 hadi 70 BK, kitabu chenyewe huwekwa katikati ya karne ya 1. Nakala ya zamani zaidi iliyobaki iliandikwa kwa mkono katika karne ya 10 na imehifadhiwa Heidelberg, Ujerumani, ikiwa na makosa ya mnakili ambayo wataalamu wameyabishania hadi leo.

Mwandishi huyo anaifuata pwani kutoka Rasi ya Manukato, ambayo ni Guardafui ya sasa, kuelekea kusini hadi kisiwa cha Menouthias, kilicho umbali wa stadia 300 hivi kutoka bara. Stadia ni kipimo cha Kigiriki cha kama meta 185, kwa hiyo umbali huo ni karibu kilomita 55, na wasomaji wake wamekuwa wakikitambua kisiwa hicho ama kuwa Pemba, ama Unguja, ama Mafia. Maelezo ya kisiwa ni mafupi, lakini yeyote aliyekulia pwani atayatambua bila shida: ni kisiwa cha chini chenye miti mingi, chenye mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja na mashua zilizoshonwa kwa kamba, na watu wake huvua samaki na kasa kwa namna ambayo Mgiriki huyo aliiona kuwa ya ajabu, kwa kuwa badala ya kutupa nyavu waliweka vyombo vya kusukwa kwenye midomo ya mikondo ili maji yakipwa windo linaswe ndani. Hayo ni madema. Mvuvi wa Pangani au Kipumbwi anayesuka dema leo, kwa fito nyembamba na mlango unaoruhusu samaki kuingia na kumzuia kutoka, anaendeleza kazi iliyokwisha kuandikwa kabla jina la Mswahili halijasikika popote.

Mwendo wa siku mbili kutoka Menouthias ndipo palipokuwa na Rhapta. Jina hilo, anasema mwandishi, lilitokana na mashua zake zilizoshonwa, na hapo palikuwa na pembe za ndovu kwa wingi pamoja na magamba ya ng'amba, kasa yule ambaye gamba lake lilitengenezwa vitanda, masanduku na vitu vya urembo huko Roma. Wenyeji walikuwa watu wa miili mikubwa, na kila mmoja mahali pake alijiendesha kama mtawala. Neno moja katika sentensi hiyo liliharibika mikononi mwa wanakili, na baadhi ya wahariri wakalisoma kama maharamia, huku wengine, akiwamo Lionel Casson katika tafsiri yake ya mwaka 1989, wakilisoma kama wakulima. Usomaji wa pili una uzito zaidi, kwa kuwa mfanyabiashara aliyekusudia kuwaelekeza wenzake mahali pa kupeleka mali zao angekuwa na maneno zaidi ya kusema juu ya maharamia kama kweli wangekuwapo. Tena usomaji huo unafungua mlango wa bara, kwa sababu unasema kwamba nyuma ya forodha kulikuwa na watu wenye mashamba.

Utawala wa mji ulikuwa na tabaka mbili. Kwa mujibu wa Periplus, kwa haki fulani ya kale Rhapta ilikuwa chini ya mkuu wa Mapharitis, jimbo la kusini-magharibi ya Yemen, naye aliwaachia watu wa bandari ya Mouza, karibu na Mokha ya sasa, kukusanya kodi. Hao walituma vyombo vyenye manahodha na mawakala Waarabu waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao, na walioijua nchi na lugha yake. Bidhaa zilizoletwa zilikuwa mikuki iliyofuliwa Mouza kwa ajili ya soko hilo, mashoka, visu, shazia na vitu vya kioo vya aina mbalimbali, na katika baadhi ya mahali mvinyo na ngano, ambavyo havikuuzwa bali viligawiwa ili kupata urafiki wa wenyeji. Zilizotoka zilikuwa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba yaliyosifiwa kuwa ya pili kwa ubora baada ya yale ya India.

Mikuki na mashoka hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Wafasiri wengine wameyachukua kuwa ushahidi kwamba watu wa Azania hawakujua kufua chuma, lakini hitimisho hilo halilazimiki hata kidogo, kwa sababu nchi yenye wafuaji wake hununua pia chuma cha kutoka nje kikiwa rahisi, kikiwa kizuri au kikiwa na heshima ya kutoka mbali. Kinachojulikana ni kwamba katika karne chache zilizofuata ufuaji wa chuma na ufinyanzi wa aina mpya ulienea kuanzia pwani hadi milima ya Usambara na Upare, na kwamba katika eneo hilohilo mfuaji, anayeitwa mshana katika lugha za huko, aliendelea kuwa mtu wa heshima na wa kuogopwa hadi karne ya 20.

Safari yenyewe ilitegemea pepo mbili ambazo mabaharia wa pwani bado wanazihesabu: kaskazi, inayovuma tangu Novemba hivi hadi Machi na kuvisukuma vyombo kusini, na kusi, inayoshika baadaye na kuvirudisha. Chombo kilichotoka bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu kilihitaji zaidi ya mwaka kwenda Rhapta na kurudi, kwa kuwa nahodha alilazimika kungoja upepo ugeuke. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyoufanya mji. Watu waliokaa msimu mzima walihitaji chakula, maji, kuni, nyumba na wake, na pembe za ndovu zilihitaji kukusanywa mapema, wiki au miezi kabla ya kusi kuanza, kutoka mahali ambako ndovu waliuawa. Mahali hapo hapakuwa ufuoni.

Karne moja hivi baada ya Periplus, mwanajiografia Ptolemaio wa Aleksandria aliandika, takriban mwaka 150 BK, kitabu kikubwa cha kuelekeza jinsi ya kuchora dunia, chenye orodha ya maelfu ya mahali na tarakimu za kila pahali. Humo Rhapta haiitwi tena soko, bali metropolis, yaani mji mkuu, ukiwa kando kidogo ya bahari kuelekea bara, karibu na mto uitwao Rhapton na kaskazini ya rasi ya jina hilohilo. Habari zake alizipata kwa Marinos wa Tiro, naye Marinos alizipata kwa mabaharia wanaotajwa kwa majina: Theophilos, aliyetweka tanga Rhapta na upepo wa kusini akafika Rasi ya Manukato siku ya 20, Dioskoros, aliyesafiri kutoka Rhapta hadi rasi ya Prason, mbali zaidi kusini, na Diogenes, ambaye alipokuwa akirudi kutoka India alishikwa na upepo wa kaskazini karibu na Rasi ya Manukato, akasukumwa kwa siku 25 hadi kwenye usawa wa maziwa ambako mto Nile unaanzia, na Rasi ya Rhapton ikawa kusini kidogo ya hapo. Ptolemaio aliyaunganisha maziwa hayo na Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake, kwa maelezo yake, iliyajaza maji.

Kitabu hicho kilipopatikana tena Konstantinopoli mwishoni mwa karne ya 13 kwa juhudi za mtawa Maximus Planudes, wachoraji walianza kuzigeuza tarakimu kuwa ramani, na baada ya tafsiri ya Kilatini ya Jacopo Angeli mwanzoni mwa karne ya 15 na matoleo ya chapa ya Bologna mwaka 1477 na Ulm mwaka 1482, Rhapta ikaonekana mbele ya macho ya wasomi wa Ulaya katika ramani ya nne ya Afrika. Hiyo ndiyo picha ya kale zaidi ya mji wowote wa ufuo wa Tanzania: alama ndogo kando ya mto, jina pembeni yake, milima mikubwa upande wa magharibi, na katikati nafasi pana isiyo na kitu. Wachoraji hao walikuwa waaminifu kwa matini waliyokuwa nayo, lakini macho ya waliozitazama ramani zao yalizoea kuona mji unaoelea ukingoni mwa jangwa la maarifa, na mazoea hayo yamewakaa watafiti wengi hata wa karne ya 20, ambao swali lao kubwa limekuwa ni wapi bandari ilipokuwa, na kwa nadra tu ni nani walioilisha.

Juu ya mahali ilipokuwa, hoja ni nyingi. Ptolemaio anaiweka Rhapta nyuzi 7 kusini ya ikweta, na anayesoma tarakimu hiyo peke yake atavutwa kuelekea Dar es Salaam na Rufiji, kwa kuwa Pangani iko kama nyuzi 5 na nusu. Lakini Ptolemaio huyohuyo anaiweka Rasi ya Manukato nyuzi 6 kaskazini, ilhali Guardafui iko karibu nyuzi 12. Kosa la karibu nyuzi 6 katika mwanzo wa mstari linaonyesha kwamba tarakimu zote za pwani hiyo zilitokana na kuhesabu siku za safari na kuzigeuza kuwa nyuzi, wala hazikutokana na kupima jua wala nyota, na kwa hiyo haziwezi kuamua kati ya mito miwili iliyoachana kwa nyuzi mbili na nusu tu. H. C. Baxter, katika makala aliyoichapisha mwaka 1944 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, aliitetea Pangani. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitetea Rufiji kwa nguvu, akitegemea uchimbaji wake wa makazi ya wakulima wa mwanzo na shanga za kioo kutoka nje alizozipata huko. Hakuna magofu yaliyothibitishwa kuwa ya Rhapta katika mlango wa mto wowote, na kwa kuwa mashua zilizoshonwa na nyumba za miti hazidumu, na kwa kuwa midomo ya mito huhama na kujifukia kwa tope, pengine mji huo utatambuliwa kwa vigae na shanga kuliko kwa kuta.

Uzito wa hoja ya Pangani uko mahali ambapo watetezi wake wa awali hawakuutazama vya kutosha, yaani katika mto wenyewe. Mto ambao ramani za leo huuita Pangani, na ambao wenyeji wa bara huuita Ruvu, usichanganywe na Ruvu nyingine inayomwaga maji yake karibu na Bagamoyo, hupata maji yake kutoka miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hushuka kusini-mashariki ukiiacha milima ya Pare na Usambara upande wake wa kushoto, hupokea Mkomazi na Lwengera katika eneo la Korogwe, kisha huanguka katika maporomoko ya Hale na Pangani, ambako umeme umezalishwa Hale tangu mwaka 1964 na katika kituo kipya cha Pangani tangu mwaka 1995. Chini ya maporomoko maji hutulia, na vyombo vidogo huweza kupanda kutoka baharini. Ni mto mrefu wa kilomita 500 hivi unaounganisha bandari moja kwa moja na mlima wenye theluji. Mtu wa Korogwe akiulizwa na mgeni maji hayo yanatoka wapi, jibu la kweli ni kwamba yanatoka kwenye mlima mrefu mweupe ulio siku nyingi kaskazini-magharibi. Habari kama hiyo, ikipita kwa wakala Mwarabu hadi kwa nahodha Mgiriki na kutoka kwake hadi kwa mwanajiografia aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, ingeweza kabisa kuchangia kuumba Milima ya Mwezi. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848 na kuandika habari zake, wasomi wa London walimbishia kwa miaka. Watu wa bonde la Ruvu walikuwa wamekunywa maji ya mlima huo tangu kale.

Handeni ina mahali pengine katika taswira hii. Nchi hiyo, ambayo ndiyo moyo wa Uzigua, iko kusini ya Ruvu, na mito yake midogo, Msangasi na Mligazi, huelekea baharini kati ya Pangani na Saadani, ikikauka sana wakati wa kiangazi. Ni nchi ya vichaka, miombo na vilima vya mawe, yenye mvua zisizotabirika, na kwa sababu hiyo ilikuwa nchi nzuri kwa ndovu na ngumu kwa mkulima aliyetegemea shamba moja tu. Mbung'o walienea katika vichaka vyake, na mbung'o huua punda, ngamia na ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, kwa hiyo bidhaa yoyote nzito ilipita katika nchi hiyo mabegani mwa watu. Hili ni jambo la kuangaliwa kwa karibu, maana ndilo lililoamua umbo la biashara nzima. Pembe ya ndovu dume mkubwa hubebwa na mtu mmoja begani kwa shida, nyuma ikiwa nzito na mbele ikiteleza, na ikizidi kiasi hubebwa na wawili kwa mti uliofungwa kamba. Kutoka Handeni hadi ufuoni ni kiasi cha kilomita 100, mwendo wa siku tano au sita kwa mtu aliyebeba mzigo, na kila siku anahitaji maji, mtama wa kula na mahali salama pa kulala, vitu ambavyo havipatikani bila ridhaa ya wenye vijiji njiani. Kwa hiyo pale Periplus inaposema kwamba kila mtu mahali pake alikuwa kama mtawala, inaeleza bila kujua hali ambayo ilikuwa na mizizi yake mbali na bandari: njia ya pembe ilipita katika mikono ya wakuu wengi wadogo, na hakuna aliyeweza kuipata mali yao kwa kumwamuru mmoja.

Akiolojia, yaani elimu ya mambo ya kale inayotegemea mabaki yaliyofukiwa ardhini, imeanza kuijaza nafasi ile tupu ya ramani. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alichunguza makazi ya wafuaji chuma wa mwanzo kaskazini-mashariki ya Tanzania, na akakuta katika milima ya Usambara na Pare Kusini vigae vya aina ya Kwale, iliyopewa jina la mahali alipoichimba kusini ya Mombasa, vyenye midomo minene iliyokatwa kwa pande na kupambwa kwa mifereji, ambavyo ni vya karne za kwanza BK. Vigae vya jamii hiyohiyo vinapatikana pwani na visiwani. Wafinyanzi wa milimani na wa pwani walikuwa watu wa desturi moja, na bonde la Ruvu na la Mkomazi lilikuwa njia kati yao. Baadaye Jonathan Walz, aliyewasilisha tasnifu yake Chuo Kikuu cha Florida mwaka 2010, alilipitia bonde la chini la Ruvu kwa miguu pamoja na wenyeji wa huko, na karibu na Mombo, katika wilaya ya Korogwe, kiasi cha kilomita 90 kutoka baharini, akachimba mahali paitwapo Kwa Mgogo. Humo mlikuwa na vyungu vya mtindo uleule uliotumika katika miji ya mwanzo ya Waswahili katika milenia ya kwanza, pamoja na shanga na makombe ya baharini. Kombe la baharini halifiki Mombo kwa bahati; mtu alilibeba, na mwingine alilipokea akijua thamani yake.

Mabaki hayo ya Mombo ni ya baadaye kuliko Rhapta ya Periplus, na hayawezi kutumika kuthibitisha kwamba Rhapta ilikuwa Pangani. Yanachothibitisha ni jambo lenye faida kubwa zaidi kwa anayetaka kuielewa Rhapta popote ilipokuwa: kwamba bara hili halikungoja misafara ya karne ya 19 ili liunganike na bahari, na kwamba mstari unaochorwa na vitabu vingi kati ya pwani yenye historia na bara lisilo na historia ni mstari wa wachoraji ramani.

Kwa msingi huo taswira ya mji inaweza kuchorwa upya kwa uangalifu. Nyumba zake zilikuwa za miti iliyokandikwa udongo na kuezekwa makuti au nyasi, kwa kuwa hata miji ya pwani iliyochimbwa vizuri, kama Shanga katika visiwa vya Lamu, ilianza kwa nyumba za aina hiyo katika karne ya 8 na kuingia katika ujenzi wa mawe baadaye. Hakukuwa na nguzo za marumaru wala ukumbi wa michezo, vitu ambavyo neno metropolis huviamsha katika akili ya msomaji wa vitabu vya Ugiriki. Palikuwa na ufuo wa kuvutia vyombo pwani kavu, mafundi waliotoboa mbao na kuzishona kwa kamba bila msumari, kazi iliyoendelea katika mitepe ya Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na palikuwa na ghala za pembe, mahali pa mawakala wa Mouza na familia zao, na upande wa nyuma njia kadhaa zilizoingia msituni, kila moja ikiwa na mwenyewe.

Karne ya 19 inatoa kielelezo cha jinsi mambo kama hayo yalivyoendeshwa katika nchi hiihii, ilimradi kisichukuliwe kuwa nakala ya karne ya 1. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga, makao ya wafalme wa Washambaa katika milima ya Usambara, mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na Richard Burton na John Speke walipopanda kutoka Pangani kupitia bonde la Ruvu mwezi Februari 1857, walimkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Washambaa akiwa na mamlaka yaliyoshuka hadi ufuoni, kiasi kwamba madiwani, yaani wakuu wa miji ya Waswahili, walithibitishwa naye, na wakati huohuo Sultani wa Unguja alikuwa na askari wake wachache katika vituo vya Chogwe na Tongwe na mawakala wake katika forodha. Mji mmoja wa pwani ulikuwa na mabwana wawili, mmoja wa ng'ambo ya bahari aliyedai kodi na mwingine wa bara aliyeshika njia, na wote wawili walihitajiana. Anayeisoma Periplus baada ya kuijua Pangani ya wakati wa Kimweri haoni tena utata katika sentensi inayompa mkuu wa Mapharitis haki ya kale na papo hapo kumfanya kila mwenyeji mtawala mahali pake. Tofauti ni kwamba mwandishi Mgiriki alimwona bwana mmoja kwa jina na mwingine kwa umbo la mwili tu.

Baada ya kifo cha Kimweri mwaka 1862 mwanawe Semboja alishuka kutoka milimani akajenga Mazinde, katika nyanda za Mkomazi, ili aishike njia ya pembe kutoka Upare na Umasaini, na Korogwe yenyewe wasafiri wa miaka hiyo waliikuta ikiwa kijiji kilichojengwa kisiwani katikati ya Ruvu, maji yakiwa ndiyo boma lake. Miji hiyo ilikua au kupungua kwa kadiri ya pembe zilizopita, sawa na bandari zilizoitegemea. Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na reli ya Wajerumani, iliyofika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yaliyoifuata reli yalilimwa kwa kina katika ardhi ambayo vigae vya kale vimelala juujuu, hasara ambayo akiolojia ya Korogwe italazimika kuihesabu kwa muda mrefu.

Rhapta yenyewe ilitoweka katika maandishi bila habari ya kuanguka kwake. Kosmas, mfanyabiashara Mgiriki wa Aleksandria aliyegeuka mtawa na kuandika kitabu chake karibu mwaka 550 BK, anaitaja bahari ya Zingion upande huo wa dunia na haitaji mji wowote wa jina la Rhapta. Al-Mas'udi, mwandishi Mwarabu aliyesafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu cha pwani hiyo mwaka 916, anaeleza kuwa pembe za Zanji, kama Waarabu walivyoiita nchi hiyo, zilipelekwa Oman na kutoka huko India na Uchina. Majina ya bandari yalikuwa yamebadilika, dini na lugha za wanunuzi zilikuwa zimebadilika, Misri ya Kirumi ilikuwa imekufa. Wakati huo Kwa Mgogo na makazi mengine ya bonde la Mkomazi yalikuwa na watu, na makombe ya baharini yaliendelea kupanda bara huku pembe zikiteremka.

Kazi iliyobaki kwa historia ya Rhapta, kwa hiyo, iko zaidi katika kata za Korogwe na Handeni kuliko katika maktaba za Heidelberg na Vatikani, ambako sentensi zote za Kigiriki zimekwisha kusomwa mara nyingi. Nyanda za Uzigua kati ya Msangasi na Mligazi hazijachunguzwa kwa kadiri ya milima ya Usambara, wala kwa kadiri ya delta ya Rufiji. Wazee wa huko wanaojua mahali pa tanuri za zamani, visima vya kudumu na vituo vya misafara wanapungua kila mwaka, nao ni vyanzo vya thamani ileile aliyokuwa nayo Theophilos kwa Marinos wa Tiro.